Skupu mbili kwa kilo 64: kisa cha mpiga makasia wa Igombe

Hiki kisa nakiandika kirefu maana swali lake naulizwa kila wiki pale jimu, "kocha, hii amino ninywe kiasi gani kabla ya zoezi", na nikijibu kwa kifupi mtu anadaka namba anaondoka nayo, kesho namkuta kaitumia kwenye kitu kingine kabisa. Jamaa mwenyewe karidhia niandike, jina ndo kasema niache.

Ni dogo wa miaka 26, anakaa Igombe, Mwanza, kilo 64, mrefu kidogo, mabega ya kazi. Asubuhi anabeba magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, jioni wanajifua na wenzake kwa ajili ya mbio za mitumbwi, na siku mbili tatu kwa wiki anapita jimu kuvuta vyuma. Afya hana tatizo analolijua, hana presha, hanywi dawa yoyote. Sasa kuna mtu pale mtaani ana kopo kubwa la ile poda ya kabla ya mazoezi, wenyewe wanaiita priwokauti, anauza kwa kupima. Kopo zima ni zaidi ya laki, wengi hawaliwezi, kwa hiyo anachota skupu (kile kijiko cha kupimia cha ndani ya kopo) anakufungia kwenye kile kimfuko cha lambalamba anakipiga fundo, unaenda kukoroga mwenyewe. Dogo akachukua skupu mbili, muuzaji kamwambia moja ni ya wanaoanza, mwanaume anapiga mbili.

Siku ya tukio mchana hakula cha maana, chai na chapati mbili za asubuhi basi. Saa tisa akapiga kopo dogo la Red Bull. Saa kumi na moja na nusu jioni akakoroga skupu zote mbili kwenye maji kama nusu kikombe, zito kama uji, akalimeza mara moja. Baada ya kama robo saa masikio yakaanza kuwaka moto, ikahamia usoni, shingoni, migongo ya mikono, anasema ni kama vijisindano vinapita chini ya ngozi, anajikuna lakini hapakuniki. Moyo nao ukaanza kwenda mbio kabla hata hajagusa kasia. Tumbo likavuruga, akakimbia chooni. Wenzake pale ufukweni wakagawanyika, mmoja kasema ni aleji, mwingine kasema jamaa kawekewa sumu, na yupo mmoja (yupo kila sehemu huyu) aliyesema safi sana, ikiwasha ujue ni ya ukweli, imeshika hiyo. Wakampeleka kwa mama yake mdogo, akanyweshwa maziwa nusu lita. Saa moja na robo hivi usiku kuwashwa kukaisha kwenyewe. Moyo ulitulia taratibu, ila usingizi ulimjia alfajiri, na alfajiri ndo Mwaloni wanamsubiri.

Kesho yake kaja kwangu na swali moja, "kocha, maziwa ndo yameniponya?" Nikamwambia dogo, kwanza niletee picha ya lile kopo, upande wa nyuma, siyo wa mbele wenye mtu wa misuli.

Picha ikaja kwenye simu. Skupu moja: beta-alanini gramu 3.2, sitrulini maleti gramu 6, kafeini miligramu 200, na vitu vidogo vidogo vya rangi na ladha. Huyu angalau kaandika kila kitu na uzito wake. Kuna makopo mengine yanaandika "mchanganyiko maalum gramu 12" halafu yanaorodhesha majina bila kiasi, hayo mimi huwa namwambia mtu aachane nayo, maana hata ukitaka kufanya hesabu huna cha kuhesabu.

Sasa tuchambue. Watu wanasema "amino" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye kile kimfuko kulikuwa na amino asidi mbili (jamii ya vile vipande vinavyojenga protini) zenye tabia mbili tofauti kabisa, pamoja na kafeini ambayo siyo amino asidi hata kidogo, na kila kimoja kina dozi yake na saa yake. Ukiuliza "skupu ngapi" umeshaviunganisha vyote vitatu kwenye swali moja, na hapo ndipo dogo alipopotelea, yeye na aliyemuuzia.

Naanza na beta-alanini kwa sababu ndiyo iliyomwasha. Kiwango ambacho mtu anaanza kusikia vijisindano kinajulikana, ni karibu miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili ukimeza kwa mkupuo. Mwaka 2006 Roger Harris, yule Mwingereza wa biokemia, na wenzake walitoa majibu ya watu waliopewa miligramu 10, 20 na 40 kwa kilo, na ile ya 40 kuwashwa kulikuwa kukali mno. Dogo ana kilo 64, kwa hiyo mlango wake uko kwenye miligramu 640 hivi. Alikunywa gramu 6.4, yaani miligramu 6400, ambayo ni 100 kwa kila kilo. Mara kumi ya mlango. Tena tumbo tupu na maji kiduchu, ikaingia kwenye damu yote kwa pamoja. Ningeshangaa kama asingewashwa.

Kinachowasha siyo aleji. Kwenye neva za ngozi kuna vipokezi vinaitwa MrgprD, beta-alanini inavigusa navyo vinapeleka ujumbe wa mwasho kwenye ubongo wakati ngozi yenyewe haina jeraha wala kipele. Ndo maana ukijikuna hupati nafuu. Kunaanza ndani ya dakika 10 mpaka 20, kunaisha ndani ya saa moja mpaka saa moja na nusu, na hakuna ushahidi kwamba kunaacha madhara. Ukiangalia saa za dogo zimekaa mlemle. Maziwa ya mama mdogo hayakufanya kitu kwenye mwasho, yaliukuta tu ukiwa njiani kuisha, ila kwa mtu aliyeshinda na chapati mbili nusu lita ya maziwa siyo hasara, kwa hiyo sikumkataza kushukuru.

Ila hapa msinielewe vibaya. Mwasho mtupu, bila uvimbe, bila vipele, kupumua kuko sawa, huo ndo wa beta-alanini. Mtu akivimba midomo au macho, akatoka mabaka, pumzi ikaanza kupiga filimbi, kifua kikabana au akazimia, hapo hamna cha kuangalia picha ya kopo wala kutafuta maziwa, ni bodaboda mpaka hospitali haraka, kopo mnakwenda nalo.

Sasa lile jambo ambalo limenifanya niandike. Beta-alanini haifanyi kazi kwa sababu umeinywa kabla ya zoezi. Kazi yake ni kwenda kuungana na histidini, amino asidi nyingine, ndani ya msuli kutengeneza kanosini, na kanosini ndiyo inayopunguza ile tindikali inayojaa pale unapovuta kwa nguvu mpaka mikono inaungua. Kanosini inajengeka kidogo kidogo kwa wiki, ni kama kibubu, unadumbukiza kila siku na siku ya kukivunja hakuna anayejali sarafu ya mwisho uliitia saa ngapi. Kwa dozi ya gramu 4 mpaka 6 kwa siku, ndani ya wiki nne kanosini ya msuli inapanda asilimia 40 mpaka 60, ukiendelea mpaka wiki kumi inaweza kufika 80. Ukiacha inashuka taratibu sana, inachukua wiki nyingi kurudi ilikokuwa.

Kwa hiyo gramu 6.4 alizomeza jioni ile hazikumsaidia chochote kwenye makasia ya jioni ile. Na wala kuwashwa siyo alama kwamba inafanya kazi. Kuna vidonge vya beta-alanini vilivyotengenezwa viachie polepole, mtu anakunywa hawashwi kabisa na kanosini inapanda vilevile. Anayekwambia ikiwasha ndo ya ukweli anakuuzia mwasho. Na watengenezaji wanalijua hilo vizuri, mimi naamini kabisa (haya ni maoni yangu) kwamba beta-alanini inawekwa kwenye hizi poda za kabla ya zoezi kwa sababu mteja anasikia kitu, angenunua poda asisikie chochote angesema kapigwa.

Je kwa mpiga makasia ina faida? Hapa dogo alifurahi maana jibu ni ndiyo, kidogo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Hobson na wenzake mwaka 2012 ulionyesha inasaidia zaidi kwenye kazi ngumu ya kati ya sekunde 60 na 240, yaani dakika moja mpaka nne, na wastani wa kati wa nafuu ulikuwa asilimia 2.85 kwa watu waliotumia jumla ya gramu 179 hivi. Angalia hiyo namba, gramu 179 ni jumla ya wiki kadhaa, siyo skupu. Halafu kuna wale wapiga makasia wa Ubelgiji, utafiti wa Baguet wa mwaka 2010, walipewa gramu 5 kwa siku kwa wiki saba, kwenye mita 2000 waliboresha muda kwa sekunde 2.7 na waliopewa poda ya bandia wakapungua kasi kwa sekunde 1.8, ingawa kitakwimu tofauti ile haikufika kiwango cha kusema imethibitika. Kwenye mtumbwi mmefungana na watu wa Ukerewe pua kwa pua sekunde nne siyo mchezo, lakini nikamwambia pia kwamba wakiwa hawapigi kasia kwa pamoja wanapoteza zaidi ya hizo.

Tukaja kwenye sitrulini. Hii ndiyo pekee kwenye lile kopo kati ya amino asidi mbili ambayo ina maana kuinywa kabla, saa moja hivi kabla ya zoezi. Jina lake linatokana na tikitimaji, ndimo ilimogunduliwa, ila usije ukaanza kula matikiti mazima kabla ya kupiga zoezi, utashinda chooni tu. Mwili unaigeuza kuwa arjinini, nayo ni amino asidi, hasa kwenye figo, na arjinini inatengeneza oksidi ya nitriki inayotanua mishipa ya damu. Mtu anauliza si ninywe arjinini yenyewe moja kwa moja, shida ni kwamba arjinini sehemu kubwa inavunjwavunjwa kwenye utumbo na ini kabla haijafika popote, na ukizidisha, kuanzia gramu 9 au 10, tumbo linakuharibikia. Sitrulini inapita.

Dozi iliyotumika sana kwenye tafiti ni gramu 8 za sitrulini maleti kwa mkupuo, ambayo ikiwa uwiano ni 2 kwa 1 (sitrulini mbili kwa moja ya maleti, ile tindikali iliyochanganywa nayo) inakuwa na sitrulini yenyewe gramu 5 mpaka 6. Utafiti uliopaisha jina lake ni wa mwaka 2010, Pérez-Guisado na Jakeman, waliopewa gramu 8 waliongeza marudio kwa asilimia karibu 53 kwenye seti za mwisho za kifua. Namba hiyo inapigiwa sana debe. Tafiti zilizofuata zimekuja na faida ndogo zaidi na nyingine hazikuona kitu, kwa hiyo mimi nasema ni kitu cha kujaribu kama hela ipo, siyo cha kukopea. Dogo alikunywa gramu 12. Watu wameshapewa sitrulini tupu mpaka gramu 15 kwa mara moja kwenye utafiti na matumbo yao yakatulia, kwa hiyo lile tumbo lake mimi siibebeshi sitrulini peke yake, naona ni ule uji mzito kwenye tumbo tupu pamoja na kafeini. Ila mwenye presha ya kushuka, au anayekunywa dawa za presha, au zile dawa za nguvu za kiume, asiiguse kabla ya kuongea na daktari, maana vyote vinavuta presha upande mmoja.

Kafeini sasa, huyu ndiye aliyempeleka moyo mbio, na kusema kweli ndiye pekee aliyenipa wasiwasi. Miligramu 400 kwenye kimfuko, jumlisha 80 za Red Bull ya 250 ml saa tisa. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya abaki kwenye miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku nzima. Dogo kazipiga 400 kwa mara moja, ni zaidi ya miligramu 6 kwa kila kilo yake, na kwa siku kafika karibu 480. Kafeini nusu yake inatoka mwilini kwa kama saa tano, inategemea na mtu, ina maana saa nne na nusu usiku bado alikuwa na miligramu 200 na ushee ndani, ni kama mtu kanywa vikombe viwili vya kahawa ndo anapanda kitandani. Halafu alfajiri magunia.

Ukivipanga vyote utaona kitu cha ajabu. Skupu mbili zilimpa beta-alanini mara kumi ya kiwango cha kuwasha, kafeini mara mbili ya kiwango cha mkupuo, na sitrulini imepita kidogo tu iliyozoeleka. Skupu moja ingempa kafeini sawa, sitrulini pungufu kidogo, na beta-alanini bado miligramu 50 kwa kilo, yaani angewashwa tu. Hakuna idadi ya skupu kwenye lile kopo ambayo inamkaa sawa mtu wa kilo 64 kwa vitu vyote vitatu. Ndo maana nikamwambia aache kabisa kununua vimfuko. Tena kimfuko hakina lebo, hakina tarehe, hakina alama ya TBS, shirika la viwango, ambao ndio wanaosimamia vyakula tangu kazi hiyo ihamishwe kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019, na skupu yenyewe ya plastiki poda ikishapata unyevu wa hapa kwetu inaganda, leo unachota nusu kesho unachota ya kushindilia. Tulijaribu kupima kwa mizani ya jikoni vimfuko vya siku mbili tofauti, vyote vya "skupu mbili", havikulingana uzito.

Swali lake la pili lilikuwa, "sasa BCAA ndo ninywe kabla? Nimeona ni bei rahisi." Hizo ni lusini, isolusini na valini, tatu kati ya amino asidi tisa za lazima. Kujenga msuli mwili unazitaka zote tisa, ukileta tatu tu hizo sita zingine zitatoka wapi kama hujala? Nikamuuliza jana ulikula nini, akataja chai, chapati, ugali maharage usiku. Mtu anashinda kwenye samaki hali samaki. Kwa mazoezi yake anahitaji kama gramu 1.6 za protini kwa kilo, yaani karibu gramu 100 kwa siku. Gramu 100 za sato aliyepikwa zina protini gramu 26 hivi, na humo kuna lusini kama gramu 2 na zile nane zingine zote zimo. Dagaa wakavu ndo usiseme, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na anabeba magunia yake mgongoni. Sato na ugali saa mbili tatu kabla ya zoezi, hiyo ndiyo amino ya kabla ya mazoezi kwa huyu dogo, BCAA nikamwambia asahau.

Tulichokubaliana kikawa hivi. Wao wanne kwenye mtumbwi wakachanga wakanunua beta-alanini tupu, kopo lililofungwa, yenye lebo. Kila mtu ana kijiko kilichopimwa kwenye mizani, gramu 0.8 kwa mara moja, mara nne kwa siku, kila anapokula na moja kabla ya kulala, jumla gramu 3.2. Kwa kilo zake 0.8 bado iko juu kidogo ya ule mlango wa 640, ila ukiichanganya na chakula inaingia polepole na yeye anasema anasikia masikio tu kwa mbali, siku nyingine hasikii. Siku ya mazoezi na siku ya kupumzika ni vilevile, saa ya zoezi haihusiki. Waanze angalau wiki nne kabla ya mbio, nane ni bora zaidi, na mbio zikipita waache. Mmoja wao alitaka kupanda mpaka gramu 1.6 kwa mara moja ili wafike haraka, nikamwambia inaruhusiwa, tafiti zimefika gramu 6.4 kwa siku, ila ujue utajikuna. Kajikuna, karudi 0.8.

Kafeini anaipata kwenye kahawa kikombe kimoja au viwili kama saa moja kabla, kama mazoezi ni ya asubuhi tu. Ya jioni hanywi, na Red Bull ya saa tisa kaikata mwenyewe baada ya kuona anaamka Mwaloni akiwa mzima. Sitrulini hajanunua, kaulizia bei kasema hiyo hela bora anunue sato.